Buibui, Mama Mkwe na Simu ya Dirishani

Mke wangu alinifukuza wodini kwa sababu ya buibui. Alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, mkono umekabwa na kitambaa cha mashine ya kupimia presha, na miguu ilikuwa imemvimba hata viatu vyake nilikuwa nimevishika mimi kikapuni. Na bado alipata nguvu ya kunitolea macho.

"Umekaa hapo unaniangalia ni kama umekuja matanga," akasema. "Enda Malaba. Mtoto ako na buibui ya kupeleka shule kesho, na mimi nilimwahidi tutatengeneza leo."

Nikamwambia buibui anaweza kungoja. Akasema mwalimu hangoji, na zaidi ya hayo uso wangu ulikuwa unampandisha presha kuliko hiyo mimba yenyewe. Muuguzi aliyekuwa akiandika kando ya kitanda akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka alipotazama namba kwenye mashine. Kicheko hicho kilichokatwa katikati ndicho nilichosafiri nacho kutoka Busia.

Mimba ilikuwa haijafika miezi yake. Daktari alikuwa ametueleza bila kuzungukazunguka: wangempa dawa za kushusha presha, na isiposhuka wangempeleka thieta, chumba cha upasuaji, siku hiyohiyo, wamwokoe yeye kwanza, na mtoto kama ingewezekana. Wodi ya akina mama iliruhusu mtu mmoja tu wa kukaa na mgonjwa, na ilifaa awe mwanamke, kwa hiyo aliyebaki ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. "Kukitokea kitu nitakupigia, shemeji," akaniambia mlangoni. "Wewe shika tu simu yako vizuri."

Kushika simu vizuri, pale tunapokaa sisi Malaba, si jambo dogo. Tumepanga vyumba viwili kwenye ploti iliyo chini kabisa karibu na mto, na ng'ambo ya mto ni Uganda. Simu zetu hazijui forodha. Ukiiacha mezani sebuleni, baada ya muda mfupi inavuka mto yenyewe, inashika mtandao wa Uganda na kukuletea ujumbe wa kukukaribisha nchi ya watu. Ikishavuka, anayekupigia kutoka Kenya anaambiwa hupatikani, labda uwe umelipia kutumia simu ng'ambo, na mimi sikuwa nimelipia. Niliwahi kuifungia kwenye mtandao wa Kenya peke yake. Ikawa inakaa kavu, haina mtandao wowote. Ni mahali pamoja tu pa nyumba yetu ambapo simu hutulia Kenya: kwenye dirisha dogo la jikoni, linalotazama barabara kuu. Jiko letu ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, unavuka ua mdogo kulifikia. Kila mtu kwetu anajua kwamba simu ya maana inangojewa pale.

Na jikoni alikuwepo mama mkwe.

Mimi ni Mteso wa hapahapa. Mke wangu ametoka Khunyangu, kwa Waluhya wa Butula. Tunabishana mengi, kuanzia ugali upi ndio ugali, lakini katika hili watu wetu walishapatana zamani: mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na mama mkwe halali kwa mkwewe. Tangu mke wangu alazwe, mama yake alikuwa amekuja kumtunza binti yetu wa Gredi ya Pili. Usiku analala kwa jirani mjane, mchana anakaa jikoni. Nikitaka kutoka kwenda uani, nakohoa mlangoni kwanza ili ageuke. Akitaka kitu ndani ya nyumba, anangoja nitoke au anamtuma mtoto. Na maneno yetu yote yalipitia kwa huyo mtoto. Watu wa mji wakisikia hivyo hudhani tumekosana. Hatukuwa tumekosana hata kidogo. Nilimheshimu sana yule mama, na heshima ni kazi ngumu kweli ukiwa na vyumba viwili.

Simu yake, kabambe ya vitufe, alikuwa amemwachia shemeji hospitalini kwa sababu ile ya shemeji kioo kilikuwa kimekufa. Hapo nyumbani tulikuwa na simu moja, yangu.

Nilipofika nilikohoa, nikamwita binti yangu, nikamkabidhi simu kwa mikono miwili. "Mpelekee kukhu aiweke kwa dirisha," nikasema. Kukhu ni nyanya yake. Akakimbia, akarudi.

"Kukhu amesema ameiweka, na sauti iko juu. Anauliza, mama anakula?"

"Mwambie anakula kidogo."

Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake. Lakini ningesema nini? Mambo ya tumbo la mke wangu sikuweza kuyataja kwa mama yake hata kwa kumtuma mtoto; ni aibu ambayo sijui niielezeje kwa mtu ambaye hakulelewa nayo. Na mtoto mwenyewe hakutakiwa kujua. Alichojua yeye ni kwamba mama yake amelala hospitali kidogo, na akirudi atarudi na mtoto wetu mdogo. Viatu vyake vilivyombana alishavipanga chini ya kitanda, avirithi huyo mdogo.

Basi tukaanza buibui.

Maagizo ya mwalimu yalikuwa yameletwa kwenye kundi la wazazi: buibui wa karatasi nyeusi pamoja na utando wake, mzazi asaidie lakini asimfanyie mtoto, na picha ya kila hatua itumwe kundini. Wazazi wengine walikuwa wameanza kutuma tangu asubuhi. Mmoja alituma buibui mwenye macho yanayong'aa, na mimi nikaapa kwamba mtoto wa miaka saba hawezi kutengeneza macho hayo, labda awe amezaliwa na diploma. Nina hasira za karibu, najijua. Siku hiyo zilikuwa karibu zaidi.

Karatasi nyeusi hatukuwa nayo, na duka la vitabu lilikuwa limefungwa kwa sababu ya Jumapili. Mimi ni karani wa wakala wa kutoa mizigo pale mpakani, na ofisini bado tunaandika stakabadhi za mkono zenye karatasi ya kaboni katikati. Nyumbani nilikuwa na pakiti yake. Nikamwonyesha binti yangu. Akaishika, akaona vidole vimegeuka vyeusi, akafurahi kupita kiasi.

"Hii ni kali, baba! Buibui itakuwa nyeusi sana!"

Tatizo la kaboni ni kwamba ni nyepesi kama ganda la kitunguu. Ukikata mguu, mguu unalegea. Ikabidi tukate katoni ya biskuti kwanza, kisha tuigandishe kaboni juu yake, na gundi hatukuwa nayo vilevile. Nikamtuma jikoni. Akarudi na habari kwamba kukhu atapika gundi ya unga wa muhogo, na baba aache kuhangaika. Hilo la kuacha kuhangaika sijui lilikuwa la kukhu au la mtoto mwenyewe. Baadaye gundi ikaja ikiwa moto kwenye kifuniko cha kopo, laini na inayovutika, nami nikaanza kupaka kwa kidole.

Nilikuwa nikipaka huku masikio yakiwa uani. Kila kitu kilisikika: malori yaliyopanga foleni barabarani yakiunguruma na kuzima, kuku wa jirani, kifuniko cha sufuria jikoni. Simu niliyoitaka tu ndiyo haikulia.

"Baba," binti yangu akaniita. "Miguu ni ngapi?"

Nikatazama mezani. Nilikuwa nimekata miguu sita, nimeigandisha, nimeipanga vizuri, mitatu huku na mitatu kule. Kabla sijajibu akawa ameshakimbilia jikoni kupeleka habari, na nikasikia mama mkwe akicheka, kicheko cha chini cha mtu anayejizuia. Mtoto akarudi.

"Kukhu amesema hiyo ni siafu."

Nilikasirika. Nilikasirika kweli, mtu mzima, hata nikaitupa ile siafu sakafuni, na mtoto akarudi nyuma akinitazama. Nilijua hasira si ya miguu. Nilikuwa naogopa hadi meno yanauma. Nikainama nikaiokota, nikamwambia tutaongeza mingine miwili, si kitu, kisha nikatoka kwa mlango wa mbele kwenda kwenye bomba la ploti kunawa. Kaboni ikakataa kutoka. Nikasimama pale nikisugua mikono kwa mchanga, na nilikaa zaidi kidogo ya ilivyohitajika, kwa sababu pale bombani hakuna aliyeniona uso.

Wakati huo ndipo lilipotokea lile jambo. Nililijua baadaye, nikiunganisha maelezo ya huyu na yule. Binti yangu alikumbuka kwamba mwalimu anataka picha. Alikwenda jikoni, akapanda kigoda, akaichukua simu dirishani. Mama mkwe aliona, akadhani nimemtuma mimi. Akafikiri ni vizuri, mwenye mke ndiye apokee mwenyewe. Mtoto akaileta sebuleni, akapiga picha ya miguu, akaiweka mezani na kutandaza kipande kingine cha katoni juu yake akiendelea na kazi. Niliporudi kutoka bombani niliona meza iliyojaa karatasi, mkasi, gundi na mtoto mwenye pua nyeusi. Sikuona simu, na sikuitafuta, kwa sababu nilijua iko wapi. Ilikuwa dirishani kwa mama mkwe.

Tukawa hivyo, yeye jikoni akiamini nimeishika, mimi sebuleni nikiamini ameishika, na simu chini ya katoni ikivuka mto.

Mtu atauliza kwa nini hatukuulizana. Ningeuliza nini? Kumtuma mtoto aende kumuuliza nyanya yake kama binti yake amepasuliwa? Na simu ya dirishani ikilia inasikika ploti nzima. Kama haijalia, haijalia. Nikaukubali ule ukimya. Naye akaukubali wa kwake, kwa maana alijua nikipokea simu sauti yangu ingesikika hadi barabarani, jinsi nilivyo.

Alipika chai. Binti yangu aliniletea kikombe akitembea polepole kisimwagike. "Kukhu amesema ukunywe." Nikakitazama kile kikombe kama mtu anayesoma barua. Nikawaza, kama angekuwa amepata habari mbaya asingechemsha chai. Nikanywa yote. Kikombe kikarudi jikoni kitupu, na yeye, alivyokuja kuniambia, akakitazama pia, akawaza kwamba mtu mwenye habari mbaya hamalizi chai. Kila mmoja alimtuliza mwenzake kwa kutojua.

Kazi ikasonga. Jikoni mama mkwe alikuwa anatengeneza utando. Alikuwa amechambua nyuzi za gunia, akazifunga kwenye vijiti vitatu vilivyokingamana, ncha moja akaifunga kwenye kidole gumba cha mguu ili uzi ukazike, na mtoto alikuwa akija kunieleza maendeleo. Sasa umefika katikati. Sasa kukhu amefanya mviringo wa pili. Sasa amekosea, amefungua. Mimi nilikata mguu wa saba, nikakata wa nane, nikauharibu, nikakata mwingine. Mkasi wa shule hauna nafasi ya kidole cha mtu mzima.

Jua lilikuwa limeanza kupungua nguvu. Nikajiambia kwamba dawa zimeshika. Nikajiambia wangekuwa wamepiga. Nikaanza hata kupanga jinsi nitakavyomsimulia mke wangu habari ya siafu, na jinsi atakavyocheka huku akishika mbavu. Sijawahi kuwa na tumaini tamu kama lile la robo saa hiyo, na nalichukia mpaka leo.

"Imeisha!" binti yangu akapiga kelele. Buibui alikuwa amekaa juu ya kiganja chake, miguu minane, mmoja mfupi. "Ngoja nipige picha."

Nikamwambia, "Muombe kukhu simu taratibu, usiisogeze mbali na dirisha."

"Simu iko hapa, baba."

Akainua katoni.

Kwanza sikuelewa. Niliitazama simu yangu mezani, ina alama za vidole vyeusi kila mahali, na nikafikiri labda ni nyingine. Binti yangu akaishika, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, jinsi wanavyofundishwa shuleni.

"Ka-ri-bu U-ga-nda."

Sikukohoa. Nilimpokonya simu, nikapita mlango wa nyuma, nikavuka ua na kuingia jikoni kwa mama mkwe wangu, nikiwa nimeinama kwa sababu kibanda ni kifupi. Alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha, uzi umefungwa kidoleni na utando umetandazwa kutoka kwenye kidole hadi mikononi mwake. Aligeuza uso upesi ukutani. Akajaribu kuinuka, uzi ukamzuia. Mimi nikamruka mguu, nikaibandika simu dirishani na kuishikilia pale kwa mikono yote miwili.

"Mwambie baba—" alianza, akitafuta mtoto kwa sauti. Mtoto alikuwa bado hajafika.

Simu ilikaa kimya ikitafuta. Kisha ikarudi Kenya, na ujumbe ukaanza kuingia, mmoja ukimsukuma mwenzake. Umepigiwa. Umepigiwa. Umepigiwa. Namba ilikuwa ile ya kabambe ya mama mkwe. Wa mwisho ulikuwa maneno ya shemeji, bila nukta wala koma: *shemeji uko wapi wanampeleka thieta sasa alitaka kukuongelesha nimejaribu sana ameingia.*

Nilipiga, ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena.

Nyuma yangu mama mkwe alikuwa ameacha kujaribu kuinuka. Nilipaswa kutoka, au yeye atoke, lakini simu ilikuwa haiwezi kutoka, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuiacha. Sikugeuka. Nikasema nikiwa nimelitazama dirisha, "Wamempeleka thieta. Walipiga hatukusikia. Simu ilikuwa kwa meza."

Akajibu, na sauti ilikuwa imeelekea kwenye mafiga. "Mimi nilijua ni wewe uko nayo."

"Mimi nilijua ni wewe."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na buibui wake. "Mnaongea na nani?" akauliza. Akaingia, akakaa kati yetu kwenye mkeka, akaanza kumfunga buibui kwenye utando, na nyanya yake akamshikilia uzi. Baada ya muda mama mkwe akamwambia, "Mwambie baba akae. Akisimama hivyo ataangusha hiyo dirisha." Nikakaa kwenye kigoda, simu nimeinua juu kwa mkono uliokwisha kufa ganzi, magoti yangu karibu yaguse mkeka wake. Wazee wa kwetu wangetuona wangetutoza mbuzi.

Nilimwomba Mungu nikiwa macho wazi. Sikumwomba vizuri. Nilimwambia amwache huyu, amwache tu huyu, na sikutaja mwingine, kwa sababu niliogopa kuomba viwili. Mama mkwe naye midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Moto ulikuwa umezimika na hakuna aliyeuchochea.

Simu ikalia.

Nikabonyeza, ikakataa. Kidole kilikuwa na gundi na kaboni, nikivuta kioo hakisikii, navuta tena, inalia tu, na nikaanza kuipangusa kwenye shati kama kichaa. Mama mkwe akakata uzi wa kidoleni kwa meno. Akanyoosha mkono, akaichukua simu kutoka mkononi mwangu, vidole vyake vikigusa vyangu, akapokea na kuiweka sikioni akiwa ameegemea dirisha.

Aliongea Kiluhya. Mimi Kiluhya changu ni cha sokoni, najua kununua samaki na kusalimia. Nilisikia "eee". Nilisikia "eee" tena, ya chini zaidi. Nilisikia "omwana", na kwake yeye omwana ni wengi: binti yake aliyelala kule, mjukuu aliyeketi miguuni pake, na yule aliyekuwa anangojewa. Nilimtazama usoni ili nisome. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yangu yote kumtazama usoni. Nikaona jinsi mke wangu atakavyokuwa akizeeka, kama atazeeka.

Akashusha simu. Akamgeukia binti yangu.

"Enda kwa nyumba uniletee makasi," akasema. "Tafuta mpaka uipate."

Mtoto akaruka akaenda. Mkasi nilikuwa nimekuja nao mkononi bila kujua, nikaudondosha nilipoingia. Ulikuwa kwenye mkeka, kando ya mguu wa mama mkwe, na alikuwa ameuona. Hapo nikajua kwamba kuna kitu, na sikujua ni kwa nani.

Akanikabili. Hakutazama mafiga, hakutazama ukuta.

"Mwanangu," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. "Mke wako yuko. Ameamka, ameuliza kama mtoto amekula. Yule mdogo hatunaye. Alikuwa kijana. Hakulia."

Nilifurahi. Lazima niseme nilivyohisi: kitu cha kwanza kilichonipanda kifuani kilikuwa furaha, kubwa, yuko, ameamka, na kabla haijafika mdomoni kile kingine kikaikuta njiani. Nikalia kwa sauti, mimi ambaye niliambiwa sauti yangu husikika barabarani. Mama mkwe alinishika mkono juu ya kifundo, akaukaza, akaniambia polepole, polepole, mtoto atasikia. Yeye mwenyewe machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni na hakuyafuta, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na simu na mwingine ulikuwa umenishika mimi.

Nikasikia miguu uani. Nikajifuta uso kwa mkono, nikajipaka kaboni zaidi.

"Kukhu, makasi haiko," binti yangu akasema. Akasimama mlangoni. Akatutazama, mimi kwenye kigoda, nyanya yake mbele yangu, mkono wake juu ya mkono wangu. Akaiona simu. "Ni mama amepiga? Amesema nini? Nimwambie baba?"

"Baba amesikia," mama mkwe akajibu. Akauachilia mkono wangu, akanitazama, akangoja.

Mtoto akanigeukia. Tangu nyanya yake aje, alikuwa ametubebea maneno yetu yote kati ya nyumba na jiko, na hajawahi kuchoka. Haya yalikuwa yake mwenyewe, na sikuwa na mtu wa kumtuma. Nikainuka kwenye kigoda, nikamwambia aketi.